Kufungua picha za imeili ndani ya Mutt, hata kama uko kwenye terminali tupu

Wakuu, juzi kati niko kwenye seva kwa SSH (yaani nimeingia kwa mbali, maandishi tu), fundi wa saiti kanitumia imeili kwamba intaneti imekata na picha ya kile kiboksi cha faiba kaiambatanisha, nione mwenyewe taa gani inawaka. Mi imeili nasomea Mutt, programu ya imeili ya kwenye terminali, nikafungua nikakuta maneno mawili tu na kamstari ka chini kanasema image/jpeg, basi, picha yenyewe hamna. Kama na wewe umekwama hapo soma, ni kazi ya dakika kumi.

Kwanza elewa kwamba Mutt yenyewe haijui picha ni nini na wala haijaribu kujua. Inachofanya ni kuangalia aina ya faili, afu inaenda kuuliza kwenye faili linaitwa mailcap "hii nimpe nani afungue?" Huo utaratibu ni wa zamani, umeandikwa kwenye RFC 1524 (waraka wa kiufundi wa intaneti) ya mwaka 1993, na Alpine, programu nyingine ya imeili ya terminali, nayo inautumia. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye faili moja, ~/.mailcap, kama huna litengeneze.

Kwenye Ubuntu au Debian anza na hii:

sudo apt install feh chafa

feh inafungua picha kwenye dirisha kama kawaida. chafa (jina linakaa kiuchafu ila kazi yake safi kabisa) inachora picha ndani ya terminali kwa herufi na rangi. Sasa weka mistari hii miwili kwenye ~/.mailcap, kwa mpangilio huu huu:

image/*; feh -. %s; test=test -n "$DISPLAY"
image/*; chafa %s; needsterminal

Mutt inasoma kutoka juu kushuka na inachukua mstari wa kwanza unaokubali. Ule test unauliza kama kuna skrini ya dirisha, ikiwepo inaita feh, isipokuwepo inashuka kwa chafa. needsterminal usiisahau, mi niliisahau nikawa naona picha inapita kama radi afu narudishwa kwenye Mutt nisijue nimeona nini, ukiiweka inasubiri ubonyeze kitufe kwanza. Na %s usiizungushie alama za kunukuu, Mutt inaweka zenyewe.

Ukimaliza fungua imeili, bonyeza v upate orodha ya viambatisho, shuka mpaka kwenye picha, piga Enter. Basi.

Ile picha ya fundi ilitoka kama mosaiki ya vigae, lakini doa jekundu lilionekana waziwazi, na lilikuwa pale pale inapokaa taa ya LOS, yaani mwanga wa faiba haufiki kabisa. Kwa kazi ya namna hiyo chafa inatosha sana. Ila kama unataka kusoma namba ndogo ndogo za kwenye stika usijisumbue, bonyeza s uihifadhi halafu ivute kwa scp kwenye mashine yako. Terminali kama foot, WezTerm na kitty zinaweza kuonyesha picha halisi kabisa na chafa mpya inazitambua yenyewe, lakini ukiwa ndani ya tmux (programu ya kugawa terminali) ya zamani picha inaweza isitokee au ikaleta takataka, hapo andika chafa -f symbols %s ubaki na herufi zako. Kuna watakaokwambia tumia ssh -X upate feh kutokea kwenye seva, inawezekana, ila kwa mtandao wa bando la simu utakunywa chai mpaka iishe picha bado inajichora.

Mtego unaowashika wengi ni xdg-open, komandi inayofungua faili kwa programu ya kawaida ya mashine yako. Unaiweka kwenye mailcap, unapiga Enter, inakwambia faili halipo. Sababu ni kwamba Mutt inatoa picha kwenye faili la muda na kulifuta mara tu komandi ikimaliza, na xdg-open inamaliza haraka, inakabidhi kazi kwa programu nyingine na kuondoka, huyo mwingine anafika anakuta pameshafagiliwa. Dawa ni kaskripti, kaite ~/bin/onapicha:

#!/bin/sh
mkdir -p ~/.picha
cp "$1" ~/.picha/
xdg-open ~/.picha/"$(basename "$1")" &

Ipe chmod +x, halafu kwenye mstari wa juu wa mailcap toa feh -. uweke ~/bin/onapicha. Hilo folda ulisafishe mwenyewe siku moja moja, litajaa.

Kuna watu wanatuma picha lakini programu yao inaiandika application/octet-stream (yaani faili la aina isiyotajwa), Mutt inagoma kwa sababu haioni kama ni picha. Weka hii kwenye ~/.muttrc, itaangalia mkia wa jina la faili badala ya kuamini alichosema mtumaji:

mime_lookup application/octet-stream

Na wenye iPhone nao wana HEIC zao, ambazo huenda chafa yako ikazigomea. Sakinisha libheif-examples, halafu mstari huu ukae juu ya ile ya image/* la sivyo hautafikiwa kamwe:

image/heic; heif-convert %s /tmp/heic.jpg && chafa /tmp/heic.jpg; needsterminal

Au mwambie tu akutumie JPEG.