Anza na anavyoitwa: namna ya kumwandika mwanamke chotara wa Nyanda za Juu

Vijana wanaojifunza kutunga hadithi huja kwangu Mafinga siku za Jumamosi, madaftari wameyaficha ndani ya makoti yasilowe ukungu. Nilifundisha Kiswahili sekondari miaka 34 kabla ya kustaafu. Wanajua pia kwamba baba yangu alikuwa Mgiriki wa mashamba ya tumbaku ya Iringa na mama yangu Mhehe, kwa hiyo kila anayemtunga msichana chotara hunikumbuka mimi. Mwaka huu nimesoma hadithi sita za namna hiyo. Tano zinaanza msichana akiwa mbele ya kioo, anajitazama pua, anashika nywele, anajiuliza yeye ni nani.

Kitoe hicho kioo. Nyumba niliyokulia haikuwa na kioo isipokuwa kile kidogo cha mjomba cha kunyolea ndevu, na bado nilijua mapema sana kwamba sifanani na wenzangu, maana niliambiwa. Niliambiwa kwa majina niliyoitwa, na kwa swali ambalo wazee wa kwetu huuliza juu ya mtoto wasiyemfahamu: huyu ni wa nani? Angalia vizuri swali hilo. Hawaulizi katoka wapi, wala ni wa rangi gani. Wanamtafuta mwenye mtoto. Mhusika wako atahangaika na swali hilo maisha yake yote, kwa hiyo anzia hapo.

Chukua karatasi uandike kila jina analoitwa, na pembeni yake mtu anayelitamka na mahali lilipotamkwa. Yangu ni haya. Watoto wa jirani: mzungu. Kondakta wa basi: dada mweupe. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, akiwa amekasirika: chotara. Mzee mmoja kilabuni, msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi: suriama. Bibi yangu, kila asubuhi: mnyalukolo wangu. Mtu yuleyule mmoja, majina matano, na kila jina linamweka mahali pengine. Ukiwa na orodha hiyo unayo nusu ya hadithi, kwa sababu utajua ni nani atakayebadilisha jina lake kabla ya mwisho, na kwa nini.

Uyapime maneno hayo kabla hujayatumia. Chotara ni neno tunalolitumia pia kwa kuku, kwa ng'ombe wa maziwa na kwa mbegu ya mahindi. Katika mkoa wa wakulima kama wetu msichana huyo atalisikia dukani kwenye pembejeo kabla hajalisikia darasani. Usiliruke jambo hilo. Mbegu chotara husifiwa kwa kuzaa sana, ila mkulima hukatazwa kurudia kuipanda msimu unaofuata. Msichana wa miaka 12 aliyetumwa kununua mbegu akayasikia hayo yote mawili kwa siku moja, ana mengi ya kufikiri akiwa njiani kurudi nyumbani. Suriama ni neno zito zaidi, kwa kuwa limetokana na suria, mwanamke anayewekwa bila ndoa, na anayelitamka amemtukana mama kabla ya mtoto. Shombe, au shombeshombe, husemwa zaidi kwa mtu mwenye damu ya Kiarabu au ya Kihindi. Kwetu mnyalukolo ni mtu wa ukoo, mwenzetu. Bibi yangu aliling'ang'ania neno hilo akijua anafanya nini.

Kisha mtafute baba yake, au mama yake, kwenye historia. "Baba Mzungu" haitoshi, kwa sababu wageni wa huku kwetu hawakuja kwa njia moja wala kwa wakati mmoja. Wachimba dhahabu walimiminika Lupa, Chunya, katika miaka ya 1920 na 1930, na Mbeya ikakua kwa nguvu hiyo. Wagiriki wa Iringa walikuwa watu wa tumbaku. Mufindi ni chai, Njombe ni miti ya miwati kuanzia 1949. Wabulushi, watu wenye asili ya Baluchistan, walikaa Usangu wakalima mpunga wa kumwagilia. Wachina walijenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975. Kila njia katika hizo ina kazi yake, nyumba zake na namna yake ya kuondoka, na namna ya kuondoka ndiyo itakayomuumiza mhusika wako.

Fanya hesabu ya umri. Kijana mmoja aliniletea msichana wa miaka 25 mwenye simu ya mkononi, ambaye baba yake alichimba dhahabu Lupa mwaka 1934. Tulikaa naye mpaka mchana, tukaona kwamba aliyezaliwa na mchimbaji huyo ni bibi, na msichana ni mjukuu aliyerithi jina asilojua kulitamka. Hadithi ikawa nzuri mara mbili. Mwingine alileta baba askari wa Kipolandi kutoka kambi ya Ifunda. Ni kweli Ifunda na Kidugala palikuwa na wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili, lakini wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Ukitaka kuitumia Ifunda, fikiria vizuri ni nani aliyempenda nani.

Zitumie karatasi za serikali pia. Mwaka niliozaliwa, 1958, Tanganyika iliingia kwenye uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mweke mwanamke wako kwenye foleni hiyo, umwache aitazame karatasi. Shule nazo zilitengwa kwa rangi. Hapo Iringa majengo ambayo leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa yalikuwa shule ya watoto wa Kizungu. Oktoba 1961, bungeni, walikuwapo waliotaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika peke yao, na Nyerere akakataa katakata uraia wa rangi. Mama yangu alikuwa hajui kusoma, lakini habari hiyo alisimuliwa, akaishika. Alikuwa akinionyesha kidole kwenye paji la uso na kusema, "Wewe walikugombania bungeni." Kama hadithi yako ni ya leo, kumbuka kwamba sheria yetu kwa kawaida hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Msichana mwenye pasipoti ya nchi ya baba anapofika miaka 18 ana kitu cha kuamua, na tarehe inamsubiri. Huhitaji kumpa ndoto za usiku.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka ulikalie kuliko yote. Ukoo wa Kihehe hufuata baba. Jina unalipata kwa baba, na mwiko wa chakula unaupata kwa baba. Mtoto ambaye baba yake hana ukoo hapa hana mwiko: anakula kila kitu. Nilipokuwa mdogo wenzangu walikuwa wakitajiana vitu wasivyokula, huyu nyama hii, huyu ile, na mimi nikanyamaza. Siku moja nikabuni. Nikasema sisi hatuli sungura. Miaka miwili sikula sungura, na bibi yangu hakuniuliza hata mara moja. Alikuwa akinipikia maharage kando. Wanaoandika wanamtafutia msichana utambulisho wake kwenye ngozi, na huku umekaa kwenye sahani.

Kwa hiyo jiulize mambo ambayo ukoo ndio unaoyajibu. Kwenye msiba anakaa wapi, mkekani na wafiwa au jikoni na wapishi? Michango ikiandikwa, jina lake liko kwenye orodha ya watoto au ya majirani? Analima shamba la nani, na mjomba akifa, wana wa mjomba watamwachia? Akifa yeye, nani atamwaga udongo wa kwanza? Na mahari yake anapokea nani?

Hilo la mwisho nalijua kwa kulipitia. Baba aliondoka 1966, nina miaka minane, akasema anakwenda kumzika mama yake. Mwaka 1981 Wabena wa Njombe walileta posa yangu kwa mjomba, na baadaye ng'ombe watano. Wazee walikuwa wamekaa uani, wakihesabu. Mjomba akainuka, akamfungua ng'ombe mmoja kutoka kwenye kundi, akamfunga peke yake kwenye mti wa mparachichi. Akasema, "Huyu ni wa baba yake. Msafiri huwekewa." Hakuna aliyebisha. Yule ng'ombe alizaa mara tatu, na dume la kwanza lilipouzwa ndilo lililomlipia ada mwanangu mkubwa. Baba hakurudi. Lakini tangu siku ile hakuna mtu kijijini aliyeniuliza mimi ni wa nani, kwa kuwa mjomba alishajibu mbele ya mashahidi, kwa kamba.

Tendo la namna hiyo ndilo unalolitafuta. Usitunge hotuba ambayo mwanamke anatangaza kwamba amejikubali. Tafuta mtu mwingine anayemfungulia ng'ombe, au anayekataa kumfungulia.

Utayapataje? Kwa kuuliza wazee, na kuna namna. Fika asubuhi, bisha hodi, sema kamwene, kaa unapoonyeshwa. Peleka sukari na sabuni. Simu iache mfukoni mpaka uruhusiwe. Usimuulize mama mzee kama alimpenda Mzungu wake au alilazimishwa. Wengine walilazimishwa, na hadithi yako isilipake rangi jambo hilo. Wengine walipenda, na usiwanyang'anye. Ila swali likiulizwa hivyo hivyo linafunga mlango. Uliza alikuwa anakula nini. Uliza alikuwa akimwitaje akiwa na hasira. Uliza aliacha kitu gani ndani. Mama yangu hakuwahi kuniambia lolote kuhusu mapenzi, lakini alinionyesha kopo la mafuta ya zeituni lenye maandishi ya Kigiriki, ambalo alipimia mahindi mpaka likatoboka, na hata lilipotoboka hakulitupa. Ukipewa kitu kama hicho, badilisha jina la mtu na la kijiji kabla hujakiandika.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi. Chotara aliyelelewa na bibi yake anasema kama bibi yake. Mwache aseme "anakujaga" na "tulikuwa tunalimaga", mwache ashukuru kwa ndaga kama amekulia Tukuyu. Msichana wa Rungwe anayeitwa Atupele na kuongea Kiswahili cha redio, eti kwa sababu baba yake ni Mwingereza, hajawahi kuishi popote.

Nywele ziandike, ila ziwe kazi ya mikono. Nani anamsuka? Nywele zangu zilikuwa zinateleza, suka ya twende kilioni haikukaa hata siku mbili, na mama mdogo akagundua kwamba akizilowesha kwa maji ya majivu kidogo zinashika. Alinikalisha katikati ya magoti yake kila Jumapili jioni, akinivuta na kunigombeza nisitikisike. Ukiandika magoti hayo, huna haja ya kuandika kwamba msichana alipendwa.

Na safari ya Ulaya kwenda kumtafuta baba? Hadithi nne kati ya zile sita zinayo, na zote zinamalizikia uwanja wa ndege. Kama ni lazima aende, amua kwanza amebeba nini na ameaga kwa nani. Mimi sikwenda. Niliandika barua tatu kwa anwani iliyokuwa kwenye bahasha ya zamani, ya tatu ikarudi. Hilo nalo lina kurasa zake: siku ya kwenda posta, muhuri usiosomeka, kurudi nyumbani na barua yako mwenyewe mkononi.

Ukimaliza rasimu, isome kwa sauti mbele ya mtu anayeyajua hayo, usimpe karatasi asome peke yake. Mimi nilipoandika habari ya ng'ombe wa mahari yangu nilikwenda kwa mama mdogo, ambaye sasa haoni vizuri, nikamsomea barazani huku akichambua mboga kwa vidole. Alisikiliza kimya. Nilipofika kwenye mparachichi akanigusa mkono nisimame.

"Umesema ng'ombe wa nani?"

Nikamsomea tena: ng'ombe wa Mgiriki.

"Hatukumwita hivyo," akasema. "Tulimwita ng'ombe wa baba. Hata watoto waliokuwa wanamchunga walimwita hivyo. Nendeni mkamwondoe ng'ombe wa baba kwenye mahindi, tulikuwa tunawaambia."

Nilikata maneno yale kwa kalamu palepale. Yalikuwa mahali patatu.