Jinsi ya kumweleza mtoto mdogo tofauti ya shairi na wimbo

Walimu wa chekechea na wazazi wenzangu, naomba tuache kuwaambia watoto eti shairi linasomwa na wimbo unaimbwa, maana kwetu mashairi yanaghaniwa, yaani yanasomwa kwa sauti ya kuimba, tangu enzi na enzi, na taarab yenyewe ni mashairi yaliyotiwa mahadhi na ala, mwimbaji wa taarab Siti binti Saad wa Zanzibar alienda kurekodi Bombay tangu 1928. Mtoto akishasikia mtu anaghani kwa sauti tamu, maelezo yako yote yamekwisha.

Mi naona anza na masikio, na maneno yawe yale yale kwa shairi na kwa wimbo. Watoto wapige makofi, moja kwa kila silabi:

Paka wetu wa jikoni, kaiba samaki wangu,
Kakimbilia mtini, kaniachia machungu.

Pa-ka-we-tu-wa-ji-ko-ni, makofi 8. Upande wa pili 8 tena. Usiharakishe hapa, rudieni mpaka wazoee, watoto wanafurahi sana wakigundua hesabu inatoka sawa kila kipande. Afu waulize katikati ya mistari tumeishia na sauti gani, watapiga kelele "ni!", na mwishoni "ngu!". Basi waambie hili ndo shairi, maneno yamepimwa yakapangwa. Majina ya mizani (hiyo hesabu ya silabi) na vina (hizo sauti za kuishia) usiyataje kwa mtoto wa miaka 5, atayakuta mbele ya safari, na mashairi huru, yasiyofuata hesabu hiyo wala vina, pia yasubiri.

Sasa ligeuze wimbo. Weka tyuni yoyote, wewe anzisha wao waitikie "Paka rudisha samaki!", hapo unaweza kuvuta "paaaaka" mpaka pumzi iishe, ukikosa neno unatia laa laa laa na bado ni wimbo. Jaribuni kutia hizo laa laa kwenye lile la makofi, hesabu inavurugika papo hapo, acha waone wenyewe.

Halafu mmoja afunge mdomo aimbe ule wimbo kwa puani, mmm mmm, wenzake wataujua mara moja hata bila neno. Kisha aseme shairi hivyo hivyo mdomo umefungwa bila tyuni, hakuna atakayejua anasema nini, kwa sababu shairi linakaa kwenye maneno na wimbo unakaa kwenye tyuni.

Lazima atatokea mmoja aulize, "Sasa shairi likiimbwa?" Mjibu kweli: linakuwa vyote viwili, kama hili la paka.