Usikimbilie kuondoa pembe za ng'ombe wadogo wa asili

Kama unafuga ng'ombe wadogo wa asili, mfano Dexter wa Ireland, fikiria mara mbili kabla ya kuchoma pembe za ndama. Pembe si kama kucha. Ndani yake kuna mfupa hai wenye mishipa ya damu, na kwa ng'ombe mkubwa uwazi wa fuvu huingia hadi humo. Ukimkata pembe akiwa mkubwa, unawafungulia vijidudu mlango wa kichwani. Damu inayopita kwenye pembe pia husaidia kupoza mwili.

Wengi huogopa ng'ombe kuchomana kwa pembe. Ni hofu ya haki, ila mara nyingi kiini ni nafasi. Refusha hori, mwachie mnyonge pa kukimbilia, na usichanganye wenye pembe na wasio nazo.

Kwangu sababu kubwa ni uzao. Wapo ng'ombe wasioota pembe kwa kuzaliwa, na wengine huwachagua ili kuondoa pembe kundini. Sifa hiyo hutawala, yaani ndama akiirithi kwa mzazi mmoja tu inatosha, kwa hiyo huenea upesi. Ukichagua fahali kwa sifa hiyo pekee, unaacha mbegu nzuri nje ya kundi ambalo tayari ni dogo.

Ukilazimika kuchoma pembe, fanya ndama akiwa chini ya miezi 2, kwa ganzi ya daktari wa mifugo.