Somo: Kusoma mzoga wa pomboo ufukweni, wavu au uchafuzi?

Somo hili ni la yule anayeitwa ufukweni pomboo anapokutwa amekufa, na anayetakiwa kurudi na taarifa ambayo maabara na wasimamizi wa uvuvi wataweza kuitumia. Shika jambo moja kabla ya kisu: kila mzoga una maswali mawili, na jibu la moja halifuti la pili. Nini kilimuua? Na alikuwa amebeba nini mwilini? Wavu huua kwa dakika chache. Kemikali huchukua miaka, na mara nyingi haziui zenyewe, bali hudhoofisha kinga na kuharibu uzazi hadi ugonjwa mdogo umalize kazi.

Mfano unaojulikana ni wa nyangumi muuaji (orca, wa jamii ya pomboo) aliyeitwa Lulu, aliyekutwa kwenye kisiwa cha Tiree, Scotland, Januari 2016. Kilichomuua ni kunaswa na kamba za uvuvi. Wachunguzi wangeweza kuishia hapo. Lakini tabaka lake la mafuta lilipopimwa, kemikali za PCB (sumu za viwandani zilizotumika kwenye vifaa vya umeme kama transfoma) zilifika miligramu 957 kwa kila kilo ya mafuta, ilhali madhara kwa mamalia wa baharini hutarajiwa kuanzia takriban miligramu 9. Alikuwa jike mpevu, na viungo vyake vya uzazi vilionyesha kuwa hajawahi kuzaa.

Kabla ya kugusa

Hakikisha una kibali. Nchi nyingi zinawalinda wanyama hawa hata wakiwa wafu. Vaa glavu ndefu, buti, barakoa na miwani. Pomboo huweza kubeba bakteria wa Brucella, ambao huweza kuambukiza binadamu, kwa hiyo mwenye kidonda mkononi au mjamzito asishiriki upasuaji. Ukimkuta yu hai, somo ni jingine: ita mamlaka husika, mfunike kwa shuka lililoloa, mwekee kivuli, acha tundu la pumzi wazi, na usimburute kwa mkia.

Hatua ya 1: picha

Piga kabla ya kumgeuza. Mchanga husugua ngozi na jua huibandua, na alama za uzi wa wavu ziko kwenye ngozi hiyo hiyo ya juu. Anza na mwili mzima pande zote, kisha kinywa, kingo za mbele za mapezi, pezi la mgongoni, mkia, tumbo na sehemu za siri. Kila jeraha lipigwe kwa karibu, rula ikiwa ndani ya picha. Picha isiyo na kipimo haimsaidii anayejaribu kukisia ukubwa wa jicho la wavu.

Hatua ya 2: kiwango cha kuoza

Kuna namba tano zinazotumika karibu kila mahali. 1 ni mnyama hai au aliyekufa mbele yako. 2 ni mzoga mbichi, usio na harufu kali. 3 umeanza kuvimba, ngozi inabanduka, lakini viungo vya ndani bado vinatambulika. 4 umeoza sana. 5 ni ngozi kavu au mifupa. Namba hii ndiyo inayoamua utafanya nini baadaye. Alama za wavu zinasomeka vizuri kwenye 2 na mwanzoni mwa 3. Vipimo vya kemikali ni vya kuaminika kwenye 2, na kwa tahadhari kwenye 3. Meno na ngozi kwa ajili ya vinasaba chukua hata kwenye 5.

Hatua ya 3: urefu, jinsia, unene

Urefu ni mstari ulionyooka kutoka ncha ya taya la juu hadi kwenye kibonyo cha katikati ya mkia. Tepu iende kando ya mwili, isifuate mgongo. Ukifuata mviringo wa mwili unaongeza sentimita ambazo hazipo, na kosa hili ndilo linaloharibu rekodi nyingi.

Jinsia: jike ana mipasuko miwili midogo ya chuchu, mmoja kila upande wa mpasuko wa uzazi, na mkundu uko karibu sana na mpasuko huo. Kwa dume, mpasuko wa uzazi uko mbele zaidi na nafasi kati yake na mkundu ni kubwa. Usiruke kipengele hiki. Bila jinsia, namba za PCB hazina maana, kama utakavyoona mbele.

Unene: tazama nyuma ya tundu la pumzi. Mnyama aliyeshiba ana shingo iliyojaa. Aliyekonda ana bonde hapo, na uti wa mgongo unachomoza pembeni. Kisha kata mbele kidogo ya pezi la mgongoni upime tabaka la mafuta mahali patatu: juu, ubavuni na tumboni.

Hatua ya 4: ngozi

Hapa usiwe na haraka. Wavu wa kunasia wa uzi mmoja wa nailoni huacha mikato myembamba kama nywele kwenye kingo za mbele za mapezi ya kifuani, pezi la mgongoni na mkia, na mistari inayozunguka kinywa na kichwa. Mistari ikipishana na kutengeneza pembe nne, pima umbali kati ya pembe. Unaweza kupata ukubwa wa jicho. Kamba ya mtego au ya nanga huacha alama pana zaidi, na wakati mwingine msokoto wa kamba huonekana umechapwa kwenye ngozi.

Alama peke yake haitoshi. Mzoga unaoelea unaweza kuingia wavuni baada ya kifo. Kata chini ya alama: damu iliyovilia kwenye mafuta au msuli inaonyesha kuwa moyo ulikuwa bado unapiga wavu ulipobana. Kukiwa peupe, andika hivyo hivyo na usiongeze.

Tafuta pia mkono wa binadamu. Mkia uliokatwa moja kwa moja, pezi lililoondolewa, tumbo lililopasuliwa kwa mstari ulionyooka, tundu la ndoana ya kuvutia: hizi hutokea mtu anapomkwamua mnyama aliyekufa ili aokoe wavu, au anapotaka azame asionekane. Papa, kaa na ndege huacha kingo zilizochanika, na ndege huanza na macho. Taya lililovunjika huweza kutokea mnyama anapoanguka kutoka wavuni hadi sitahani.

Hatua ya 5: ndani

Wengi hufungua mapafu wakitafuta maji, wasipoyaona wanaandika “hakuzama”. Hilo ni kosa. Pomboo huamua kila pumzi; akibanwa chini ya maji hufunga tundu la pumzi na kufa kwa kukosa hewa. Kwa kawaida hutakuta maji mengi. Utakachokuta ni povu kwenye bomba la hewa na mapafu mazito yaliyojaa damu. Hata povu si ushahidi kamili, kwa kuwa huonekana kwenye vifo vingine pia.

Tumbo hueleza mengi. Samaki wasiomeng’enywa, pamoja na mwili ulionona, humaanisha mnyama alikuwa akila muda mfupi kabla ya kufa, na ugonjwa wa muda mrefu unakuwa dhana dhaifu. Tumbo tupu, minyoo mingi, mapafu yenye usaha na tezi zilizovimba huelekeza upande wa pili. Hesabu na upime plastiki yoyote, lakini usiseme imeua isipokuwa imeziba njia au imetoboa.

Hatua ya 6: sampuli

Kwa PCB, dawa za wadudu na wenzake, chukua kipande cha tabaka la mafuta kuanzia ngozi hadi msuli, takriban sentimita 5 kwa 5. Kiwe cha unene wote, maana tabaka la nje na la ndani hazihifadhi kemikali kwa kiasi sawa. Funga kwa karatasi safi ya alumini, isiguse plastiki: plastiki hutoa kemikali zake na kuchafua kipimo. Gandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri.

Ini, figo na msuli kwa ajili ya kupima zebaki na kadimi (metali zenye sumu) huenda kwenye mifuko safi ya plastiki, kisha kwenye friza. Kipande kidogo cha ngozi weka kwenye ethanoli kwa ajili ya vinasaba. Jino ling’oe katikati ya taya la chini. Tabaka zake huhesabiwa kupata umri. Kwa uchunguzi wa tishu chini ya hadubini, tumia formalini (dawa ya kuhifadhi tishu) ya asilimia 10, vipande visizidi unene wa sentimita 1, na dawa iwe mara kumi ya ujazo wa tishu. Formalini haiingii haraka kwenye kipande kinene. Katikati huoza huku nje kukiwa kumehifadhika. Na usivichanganye: kilichogandishwa hakifai kwa hadubini, kilicholowa formalini hakifai kwa kemikali.

Lebo ziwe mbili, moja ndani na moja nje, kwa penseli. Ethanoli hufuta wino.

Hatua ya 7: kuandika hitimisho

Andika mistari miwili tofauti. Wa kwanza ni chanzo cha kifo, pamoja na kiwango cha uhakika: “hakika”, “inaelekea sana”, au “haijulikani”. Mzoga wa namba 4 karibu kila mara ni “haijulikani”, na hakuna aibu. Mstari wa pili ni hali ya mwili na sampuli zilizochukuliwa, nao ubaki wazi hadi majibu ya maabara yarudi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, mzoga una alama za kamba kwenye mkia lakini umekonda sana. Niandike wavu au ugonjwa?

Jibu: Tazama kingo za jeraha. Jeraha jipya lina kingo kali na damu iliyovilia. La zamani lina nyama ngumu iliyoota pembeni, na kamba inaweza kuwa imezama hadi kwenye mfupa. Mnyama wa namna hiyo aliburuta zana kwa wiki au miezi akishindwa kuwinda. Kukonda ni matokeo ya kunaswa. Angalia kinywa pia, maana uzi uliozunguka taya huzuia kula hata kama mwili mwingine ni mzima.

Swali: Majibu ya maabara yamekuja. Dume ana PCB nyingi kuliko jike wa urefu uleule, na wote walikutwa eneo moja. Maabara wamekosea?

Jibu: Hapana ndugu, hayo ndiyo ya kutarajiwa. Dume hukusanya maisha yake yote. Jike huzitoa kupitia maziwa, na mtoto wa kwanza hupokea mzigo mkubwa kuliko wote. Jike mpevu mwenye PCB nyingi kama dume ndiye wa kutiliwa shaka: huenda hazai, au watoto wake hufa kabla ya kunyonya. Zebaki kwenye ini nayo isomwe pamoja na umri na kiasi cha seleniamu (madini yaliyomo pia mwilini), kwa kuwa pomboo huzifunga pamoja zikawa chembe zisizo na sumu kubwa. Ini la mzee lenye zebaki nyingi si lazima liwe la mgonjwa.

Swali: Lakini PCB si zilipigwa marufuku zamani?

Jibu: Uzalishaji, ndiyo. Mkataba wa Stockholm ulipitishwa 2001 na kuanza kutumika 2004, ukitaka vifaa vyenye PCB viondolewe kwenye matumizi ifikapo 2025 na taka zake zishughulikiwe ifikapo 2028. Lakini zilizokwisha kutengenezwa bado zipo kwenye transfoma chakavu, majalala na matope ya bandari. Zinapenda mafuta na hazivunjiki kirahisi. Samaki huweza kupoteza sehemu kupitia mashavu yake. Pomboo anavuta hewa, hana mlango huo, na anakula samaki waliokwisha kuzikusanya.

Swali: Vipi kwa nguva? Hatua ni zilezile?

Jibu: Ngozi na vipimo, ndiyo. Kemikali, tofauti. Nguva hula majani ya baharini, yuko chini kwenye mnyororo wa chakula, kwa hiyo PCB zake huwa chache kuliko za pomboo. Uchafuzi unampata kwa njia nyingine: tope na mbolea kutoka mitoni hufifisha mwanga, majani yanakufa, naye anakonda au anahama. Kwa hiyo andika yaliyomo tumboni kwa uangalifu. Adui wake mkuu ni jarife na nyavu nyingine za macho makubwa. Jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka kadhaa, hivyo vifo vichache vya majike kwa mwaka vinatosha kushusha idadi ya kundi dogo.

Swali: Vile vifaa vya kupiga mlio kwenye nyavu ili kuwafukuza pomboo vinasaidia kweli?

Jibu: Kwa baadhi ya aina. Katika jaribio la Ghuba ya Maine mwaka 1994 kwa pomboo wadogo wa bandari, nyavu zenye mlio zilinasa wawili, zisizo na mlio 25, kwa idadi ya nyavu inayokaribiana. Hufungwa takriban kila mita 100, na milio ile huwa ya kilohezi 10 hivi. Kinachoharibika ni betri: kifaa kimoja kikifa huacha pengo kimya katikati ya wavu. Sili hujifunza kuwa mlio ni dalili ya samaki walionaswa, wakaufuata. Nguva walipojaribiwa hawakubadili mwendo, kwa hiyo kwao usitegemee mlio. Ondoa wavu kwenye malisho yao.

Swali: Mzoga mbichi kabisa, wa namba 2. Watu wanataka nyama. Tuwaambie nini?

Jibu: Wasile. Brucella ni sababu ya kwanza, na anaweza kuwa kwenye nyama mbichi hata isiyonuka. Ya pili ni zebaki, ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2008 maafisa wakuu wa afya wa visiwa vya Faroe, ambako kula nyangumi ni jadi ya karne nyingi, walishauri nyama na mafuta ya nyangumi yasiliwe tena na binadamu. Ukimaliza sampuli, fukia mzoga kwa kina juu ya mstari wa maji kujaa, na uandike mahali ulipofukiwa. Fuvu huenda likahitajika baadaye.