Somo: Kwenda Watamu na Mida ukitokea Nairobi bila kuachia raba kwenye tope

Mara ya kwanza nilienda Mida Creek, ile hori ya bahari yenye mikoko karibu na Watamu huko pwani, na akili ya Nairobi, yaani saa nne asubuhi niko tayari kama mtu wa ofisi. Kufika kupanda mtumbwi, maji hakuna! Ni tope na vikaa vimeinua gando moja vinapungia kama makanga anaita abiria. Nikajifanya mjuaji nikashuka, raba ya kushoto iko huko mpaka leo. Mzee wa mtumbwi akacheka akaniambia, "Mwanangu, si ungeuliza bamvua?"

Kwa hivyo fuata hivi:

1. Kabla ya kukata tikiti angalia mwezi. Ukiwa mchanga kabisa au mpevu, hiyo ndiyo bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Siku hizo hupwa kama saa nne saa tano asubuhi na kujaa jioni kama saa kumi. Asubuhi tembea ufuoni uangalie vidimbwi vya mwambani, jioni ndio upande mtumbwi kwenye mikoko. Kila siku inasogea mbele kama dakika 50, so ukikaa siku nne usitumie ratiba ya siku ya kwanza.

2. Panda treni ya asubuhi pale Syokimau. Ile ya saa tisa inakufikisha Miritini, kituo cha Mombasa, usiku na bado una zaidi ya kilomita 100. Ingia matatu ya Malindi, shuka Gede, malizia na tuktuk.

3. Nunua raba kuukuu Gikomba, za kufunga kamba. Ndala zinavuliwa na tope, na mwambani kuna vile vidude vyeusi vya miiba, ukikanyaga utalala macho.

4. Chupa za plastiki za kutumia mara moja acha nyumbani, zilipigwa marufuku kwenye mbuga tangu Juni 2020, na mbuga ya bahari ya Watamu imo. Kiingilio cha KWS (shirika la wanyamapori) lipia kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, ukiwa na netiweki nzuri.

5. Msitu wa Arabuko-Sokoke ingia alfajiri na mtembezaji wa hapo. Hapo ndio utaona sengi mwenye makalio ya dhahabu, kanyama kadogo ka pua ndefu, akikusikia anaruka majani yanalia cha! cha! na hutamwona tena. Pia kuna bundi wa Sokoke, mdogo karibu sawa na simu yako, amelala juu ya tawi. Mimi nilionyeshwa kwa kidole dakika tano nzima nikiona majani tu. Magofu ya Gede yako karibu, pitia ukitoka.

MASWALI

Shiro wa Umoja: Nina watoto wawili hawajui kuogelea, mtumbwi ni salama?
Jibu: Mida imetulia kuliko bahari wazi, lakini dai jaketi za kuelea za saizi yao kabla ya kulipa, uzivalishe mwenyewe. Zikikosekana, tembeeni kwenye lile daraja la mbao katikati ya mikoko, watafurahia tu.

Baba Kevo: Nimepata likizo Mei, niende?
Jibu: Enda msituni na Gede, beba mwavuli. Ya baharini usiweke moyo, hiyo ni masika na upepo wa kusi umeanza, maji yanachafuka na mwani unajaa ufuoni. Ungepata Januari wakati wa upepo wa kaskazi ungeona hata samaki wa chini.

Mdosi Mdogo: Arabuko kuna ndovu kweli ama ni story za watu wa boda?
Jibu: Wako. Ndio maana nimesema mtembezaji, yeye anaona mavi mabichi na kujua mgeuze njia, wewe utasimama kupiga picha.

Akinyi K: Na ile raba nyingine ulifanyia nini?
Jibu: Nilirudi nayo Nairobi. Usiniulize kwa nini.