Namna ya kutambua peni ya fedha ya Mfalme Æthelred II

Wengi wakishika peni ya Waanglo-Saksoni, yaani Waingereza wa kale, huangalia kwanza sura ya mfalme. Mimi huigeuza. Tangu mageuzi ya Mfalme Edgar, mnamo 973, upande wa nyuma hutaja mfua sarafu na mji wake, na hapo ndipo sarafu adimu hujulikana. Nachukua mfano wa Æthelred II, aliyetawala Uingereza kuanzia 978 hadi 1016.

Hatua ya 1: Usiisugue. Si kwa dawa ya meno, si kwa ndimu. Ukiing'arisha unakwangua herufi, na hazirudi. Ishike ukingoni, uimulike kutoka ubavuni ili vivuli vikusomee.

Hatua ya 2: Pima. Nyingi zina uzito kati ya gramu 1 na 1.8, na upana wa karibu milimita 20. Kagua ukingo kwa lenzi: mshono au vitundu vya mapovu vinaonyesha imemiminwa kwenye kalibu. Za kweli zilipigwa kwa nyundo.

Hatua ya 3: Tazama msalaba wa upande wa nyuma. Ukiona C, R, V na X kwenye pembe zake, ni toleo la Crux, la miaka ya 990. Mikono ikifika ukingoni, ni Msalaba Mrefu uliolifuata. Ukikuta mwanakondoo mahali pa mfalme na njiwa upande wa pili, ni Agnus Dei ya 1009. Usimuuzie mtu kabla mtaalamu wa makumbusho hajaiona.

Hatua ya 4: Soma maandishi, na hapa usiwe na haraka. Anzia msalaba mdogo wa juu, uzunguke kuelekea kulia. Tuseme umepata +GODǷINE M-O LVND. Ile Ƿ inafanana na P lakini ni W, na M-O ni kifupi cha neno la Kilatini la mfua sarafu: mfuaji ni Godwine, mji ni London. EOFR ni York, LINC ni Lincoln, WINT ni Winchester. London ilifua nyingi mno. Jina la mji mdogo ndilo la kukufanya ukae wima. Kisha linganisha na kumbukumbu za Makumbusho ya Fitzwilliam, Cambridge, zilizo wazi kwenye intaneti.

Vidonda vidogo vya ncha ya kisu visikuvunje moyo. Waviking wa Skandinavia walidunga fedha hivyo kuijaribu, na peni nyingi za Æthelred zimefukuliwa Sweden. Mimi huzipenda zaidi hizo.

Hatua ya 5: Kama umeziokota mwenyewe Uingereza, mbili au zaidi pamoja, sheria ya 1996 inakutaka utoe taarifa ndani ya siku 14 kwa afisa mchunguzi wa vifo, ambaye huko ndiye hushughulikia pia hazina. Mpe na mahali hasa ulipozitoa.