Prosesa Uliyoipandisha Kasi Haitulii: Volti Iwe ya Mwisho Kuguswa

Umeipeleka i5-8600K yako hadi GHz 4.8, Windows imewaka vizuri, umecheza gemu jioni nzima. Kesho yake unafungua kivinjari tu, skrini inageuka bluu. Wengi hapo huingia BIOS na kuongeza volti. Ngoja kwanza. Mashine isiyotulia ina washukiwa kadhaa, na volti ni mmoja tu kati yao, tena ndiye anayekuja na joto.

Nimechagua 8600K kwa sababu ni prosesa ninayoijua vizuri: ya mwaka 2017, viini 6, kasi ya msingi GHz 3.6, ya juu kabisa ya kiwandani 4.3, kizidishi (namba inayozidishwa na MHz 100 kupata kasi, 48 ni GHz 4.8) kimeachwa wazi. Kama yako ni Intel nyingine yenye herufi K, mwendo ni huu huu, namba ndizo zitabadilika. Kama ni kompyuta ya ofisini iliyotumika, zile OptiPlex na wenzake, kizidishi kimefungwa. Tatizo lako si la makala hii.

Hatua ya 1: Rudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani

Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje kabla ya lolote. Mashine inayokosea hesabu huandika makosa hayo hayo kwenye diski, na hutajua mpaka picha zikatae kufunguka.

Kisha ingia BIOS, rudisha setingi za mwanzo, pamoja na kuzima XMP, setingi inayoiendesha RAM kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi lake. Washa MemTest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, iache imalize mzunguko mzima. Baada ya hapo endesha Prime95, programu inayoibebesha prosesa hesabu nzito, kwa nusu saa. Ikianguka hapa, usimlaumu aliyepandisha kasi: angalia RAM, pawa saplai, au hitisinki ambayo haijakaa sawasawa.

Hatua ya 2: Washa XMP peke yake

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Intel inaitambua 8600K kwa DDR4-2666. Ukiwasha XMP ya 3200, tayari umepandisha kasi, maana kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa yenyewe. Rudia MemTest86+. Kosa moja tu linatosha kuihukumu. Hakuna "makosa machache yanayovumilika". Likitokea, shusha RAM hadi 3000 na upime tena.

Hata ikifaulu, zima XMP kwa sasa. Tunataka prosesa iwe peke yake kizimbani.

Hatua ya 3: Pandisha tena, uangalie inaangukaje

Weka kizidishi 46, si 48. Volti iwe ya kudumu, usiiache kwenye otomatiki. Mazabodi nyingi zikiachiwa hujimiminia volti kuliko inavyohitajika. Anza na 1.22. Fungua HWiNFO64 pembeni ikuonyeshe volti na joto, kisha Prime95 kwenye jaribio la Small FFTs, na usome dalili:

- Mfanyakazi mmoja wa Prime95 anasimama na ujumbe wa "Rounding was 0.5, expected less than 0.4", wengine wanaendelea. Kiini kimoja kimekosea hesabu. Umekaribia, volti imepungua kidogo tu.
- Skrini ya bluu yenye WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR au CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT. Mara nyingi ni volti ya viini.
- MEMORY_MANAGEMENT. Rudi hatua ya 2 kabla ya kugusa kitu kingine.
- Kompyuta inazima ghafla kama umeme umekatika, bila skrini ya bluu. Shuku pawa saplai au joto.
- Haianguki ila kasi inashuka yenyewe. Mara nyingi hilo ni joto.

Kuna dalili moja ya kimya ambayo naipenda kuliko zote. Fungua Event Viewer ya Windows, tafuta WHEA-Logger, tukio namba 19. Hilo ni kosa ambalo prosesa imelirekebisha yenyewe bila kukuambia. Mashine inaweza kupita Prime95 usiku kucha huku matukio hayo yakijazana. Mimi hiyo siiiti imetulia.

Hatua ya 4: Pima volti wakati wa kazi, si ile uliyoandika

Tuseme uliandika 1.28 kwenye BIOS. Prime95 ikianza, HWiNFO64 inaonyesha 1.22. Hakuna kilichoharibika: volti hushuka mzigo unapoongezeka, na imekusudiwa hivyo. Lakini inamaanisha ulikuwa unapima 1.22 huku ukidhani ni 1.28.

Setingi ya LLC (Load-Line Calibration) kwenye BIOS ndiyo inayozuia mshuko huo. Usiiweke kwenye ngazi kali kuliko zote, maana mzigo ukiondoka ghafla volti huruka juu kwa muda mfupi ambao programu yako haiwezi hata kuuona. Chagua ya katikati. Na soma maelezo ya mazabodi yako: kwa ASUS namba kubwa ndiyo kali, kwa ASRock ngazi ya 1 ndiyo kali. Ukifuata ushauri wa mtu mwenye mazabodi tofauti utafanya kinyume kabisa.

Hatua ya 5: Joto

Prosesa hii hujipunguza kasi ikifika nyuzi 100. Mimi nasimama kwenye 85. Ndani yake, kati ya kipande cha silikoni na kifuniko, Intel waliweka pesti badala ya kulehemu, kwa hiyo feni kubwa ina kikomo cha msaada wake. Na pima mchana. Chumba cha Dar mwezi wa Februari kikiwa na nyuzi 32, kile kilichofaulu usiku wa manane chenye kiyoyozi hakina uhakika wowote.

Kama joto linapanda kwa kazi za AVX tu (maagizo ya hesabu nzito ambayo programu baadhi hutumia), weka punguzo la AVX la 2: viini vitashuka MHz 200 kwa kazi hizo peke yake.

Hatua ya 6: Sasa ongeza volti

Milivolti 10 kwa wakati, kitu kimoja kwa jaribio, na uandike kwenye daftari. Umeme unaoliwa hukua kwa mraba wa volti: kutoka 1.25 hadi 1.35 kwa kasi ile ile ni takriban asilimia 17 zaidi, yote joto. Kwa feni ya kawaida siendi juu ya 1.35. Ikiwa 4.8 inadai zaidi ya hapo, baki 4.7, kwenye gemu hutaiona tofauti.

Ikifaulu kwa mzigo lakini ikianguka ikiwa imekaa bure, na umetumia volti ya kupanda na kushuka (offset) badala ya ya kudumu, sogeza offset yako juu kidogo, au zima usingizi wa kina wa viini kwa majaribio.

Mazabodi ikikataa kuwaka kabisa, chomoa umeme, toa betri ya CR2032 ya mazabodi kwa dakika chache, rudisha; setingi za BIOS zitarudi za mwanzo.

Ikitulia, washa XMP, pima upya vyote viwili pamoja, kisha endesha sfc /scannow kurekebisha mafaili ya Windows yaliyoumia njiani. Hifadhi setingi kama profaili ndani ya BIOS na uzipige picha kwa simu, kwa sababu ukisasisha BIOS profaili hizo mara nyingi hufutika.